Vichupa Arobaini na Kimoja

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani. Niliitafuta kwa uangalifu, nikapitisha kidole kwenye mipaka yote, sikuiona. Kwa hiyo msomaji akidhani anaifahamu, au kwamba shemeji yake anafanya kazi huko, atakuwa amechanganya mambo, nami namwomba radhi mapema.

Mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na sehemu mbili. Upepeni ilikuwa juu, penye miti na nyumba zenye madirisha mengi kuliko watu. Moshini ilikuwa chini, penye jaa la taka la mji mzima, lililowaka mwaka hadi mwaka kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeteuliwa kulizima. Watu wa Upepeni waliishi wastani wa miaka themanini na mmoja. Watu wa Moshini waliishi arobaini na sita, tena wenye bahati. Tofauti hiyo iliwashangaza wataalamu. Wakaunda kamati ya kuichunguza, na kamati ikapewa ofisi Upepeni, penye utulivu.

Siku moja Waziri wa Maisha Marefu alianguka jukwaani na kufariki akiwa anafungua Wiki ya Maisha Marefu. Mtukufu Mkuu, ndivyo walivyomwita kiongozi wao, alihuzunika siku tatu. Siku ya nne alitia saini Sheria ya Afya ya Viongozi, sheria fupi yenye vifungu viwili tu.

Kifungu cha kwanza kilisema kwamba kila mwenye barua ya uteuzi yenye muhuri wa taifa atapimwa afya kila baada ya miezi mitatu, kwa kuleta mkojo wake katika kichupa. Cha pili kilisema kwamba kiongozi atakayekutwa mgonjwa atalazwa katika Hospitali ya Viongozi, atatibiwa bure mpaka apone, kisha atastaafu.

Neno “atatibiwa” halikumtisha mtu. Neno “atastaafu” liliwanyima watu usingizi. Katika nchi hiyo kiongozi hutoka madarakani kwa njia moja tu, akiwa amebebwa na watu sita. Nao viongozi wale, kwa kula vizuri na kukaa sana, walikuwa na sukari, presha, jongo na maini yenye mafuta.

*

Siwema Chande alikuwa mfagizi wa Maabara Kuu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Moshini, mke wa fundi viatu aitwaye Mwinjuma, na alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumwona mtu ana shida akapita. Asubuhi ya upimaji wa kwanza alikuwa akipiga deki ukumbini alipomkuta Mheshimiwa Mavere, Waziri wa Ustawi na Mapambo ya Taifa, amesimama ukutani na kichupa kitupu, jasho likimtiririka.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

“Marahaba, binti. Hujambo? Nyumbani hawajambo?”

Siwema alishtuka. Kwa miaka minne hakuna mheshimiwa aliyewahi kumuulizia nyumbani.

“Hawajambo.”

“Unaumwa chochote?”

“Mgongo tu, nikiinama.”

“Presha je?”

“Hiyo hatujawahi kuwa nayo kule kwetu.”

“Umekunywa maji leo?”

“Nimekunywa.”

Mheshimiwa Mavere aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akanyoosha kichupa kwa mikono miwili, kama mtu anayemtunza bibi harusi. “Nisaidie, mwanangu. Taifa linakuhitaji. Kidogo tu, mpaka hapa kwenye mstari.”

Siwema akamhurumia, akaingia chooni.

Majibu yalipotoka, Mheshimiwa Mavere alikuwa na afya ya mchunga mbuzi. Alimletea Siwema andazi moja, akaapa kwamba hatamwambia mtu, na kweli hakumwambia mtu ila dereva wake. Dereva naye akamwambia dereva mwenzake, na kila dereva akamnong'oneza bosi wake. Kufikia upimaji wa tatu, madereva arobaini na mmoja walikuwa wakifika kwa zamu mlango wa nyuma, kila mmoja na kichupa na andazi, na kila bosi akidhani siri ni yake. Kichupa cha arobaini na moja kilikuwa na kifuniko cha dhahabu. Siwema hakuuliza ni cha nani. Siku hizo alianza kunywa maji alfajiri, dumu zima, na jioni alibeba maandazi arobaini na moja hadi Moshini akawagawia watoto wa uchochoroni. Yeye mwenyewe mara nyingi hakubakiwa na kitu, na tumbo lilikuwa limejaa maji tayari.

*

Mpimaji Mkuu, Dokta Fungameza, alikuwa mtu aliyeona mengi kwa hadubini na machache kwa macho. Aliandika katika ripoti yake kwamba viongozi wote wa taifa wana afya moja, inayolingana hadi nukta ya tatu.

Kamati ya wataalamu iliipokea ripoti hiyo kwa machozi. Mwenyekiti wake, profesa mwenye miwani miwili, alisimama mbele ya waandishi wa habari. “Umoja wa kitaifa,” alisema, “umefika mpaka kwenye kibofu. Sasa ndugu zangu, tufikiri kisayansi. Viongozi hawaumwi. Watu wa Moshini wanaumwa. Tofauti kati yao ni nini? Ni cheo. Basi kinachotibu ni cheo.”

Hapakuwa na swali.

Ndani ya mwezi mmoja mpango wa Tiba kwa Uteuzi ulianza. Zahanati ya Moshini iliondolewa vidonge, ikaletewa masanduku ya barua za uteuzi, zimepigwa muhuri wa taifa, zimeachwa nafasi ya jina. Nesi Mwanne, aliyeiendesha zahanati ile peke yake kwa miaka kumi na saba, alipewa semina ya siku mbili kuhusu vipimo vya cheo: mafua ni ukarani, homa ya malaria ni ukurugenzi, kifua kikuu si chini ya ukamishna.

Mzee Ngwaru, aliyekuwa akikohoa tangu jaa liwashwe, aliteuliwa Mkurugenzi wa Uratibu. Kikohozi kikazidi, akapandishwa kuwa Kamishna. Alikufa akiwa Balozi. Kamati iliandika kwamba alicheleweshwa kupandishwa.

*

Wakati huo Siwema alishika mimba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka zikiwa na miezi mitano, na baada ya ile ya pili yeye na Mwinjuma hawakutaja tena neno mtoto ndani ya nyumba. Safari hii hakumwambia hata mumewe. Alikwenda kwanza kwa Nesi Mwanne.

“Da Mwanne, nimeshika tena.”

Nesi alimvutia kiti. “Zile mbili nilizipokea mimi,” alisema. “Hii tutaipokea ikilia. Unajisikiaje?”

“Kizunguzungu. Na nikienda haja ndogo naungua. Nipe dawa.”

“Dawa hakuna, mdogo wangu. Nina ukatibu, nina unaibu katibu mkuu, na uenyekiti mmoja wa bodi, lakini huo nimemwekea mtoto wa surua.”

“Unaibu katibu unaongeza damu?”

“Kamati inasema unaongeza. Mimi nesi tu.”

Basi Siwema akaandikiwa kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Uzazi Salama. Aliikunja barua, akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na cheti cha ndoa. Keshokutwa yake ilikuwa siku ya vichupa. Alijaza vyote arobaini na kimoja, akiuma meno.

*

Dokta Fungameza alisoma majibu mbele ya Baraza la Mawaziri.

“Waheshimiwa, matokeo yanafanana, kama ilivyo desturi. Wote mna maambukizi ya njia ya mkojo.” Akafunua ukurasa wa pili. “Wote mna dalili za njaa.”

Kila mmoja aliangalia tumbo lake, kisha la jirani yake.

“Na wote ni wajawazito.”

Jenerali wa Ulinzi, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, alichukua glasi ya mwenzake akanywa maji yote.

“Kuna anayepinga?” aliuliza Mtukufu Mkuu.

Kupinga kulihitaji mtu aseme kwamba mkojo ule si wake, na kughushi mkojo wa kiongozi kulikuwa uhaini. Kila mmoja aliamini kwamba wenzake wamepimwa kihalali, kwa hiyo labda ni wajawazito kweli, na ni yeye peke yake aliye mwongo. Mtukufu Mkuu mwenyewe alikuwa akichezea kifuniko kidogo cha dhahabu mfukoni.

“Mimi,” alisema Mheshimiwa Mavere mwishowe, “nina kichefuchefu tangu Alhamisi.”

“Hata mimi nimekuwa nikitamani udongo,” alisema Jenerali polepole. “Nilidhani ni uzalendo.”

Baada ya hapo ikawa rahisi. Waziri wa Fedha alisema hawezi kuvumilia harufu ya vitunguu. Waziri wa Sheria aliwakumbusha kwamba mimba si ugonjwa, hivyo haimstaafishi mtu, ila njaa na maambukizi ni magonjwa. Baraza likaamua upimaji urudiwe baada ya wiki tatu.

*

Kesho yake, saa sita mchana, Mheshimiwa Mavere aliteremka Moshini kwa miguu, miwani myeusi usoni na kuku kwapani. Kwenye kona ya uchochoro aligongana na Jenerali aliyebeba trei ya mayai.

“Unatafuta nini huku, Jenerali?”

“Nakagua mipaka. Na wewe?”

“Nakagua mtaro.”

“Na kuku?”

“Ni wa mtaro.”

Wakapita kila mmoja njia yake, wakakutana tena mlangoni kwa Siwema, ambapo tayari walikuwapo Waziri wa Fedha na maini ya ng'ombe, Waziri wa Sheria na chandarua, na foleni ya waheshimiwa wengine waliokuwa wakikagua ukuta. Majirani walitoka nje kutazama.

“Siwema, mwenzetu,” alisema mama mmoja aliyekuwa akichambua mchicha, “mimba yako ina wajomba wengi.”

Mwinjuma, aliyekuwa na kiatu mkononi na misumari mdomoni, hivyo ndivyo alivyojua kwamba atakuwa baba. Alitema misumari mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani, akamfutia mkewe kigoda.

Mheshimiwa Mavere aliketi kwenye ndoo. “Mwanangu, kwa nini hukutuambia kwamba huna chakula?”

“Hamkuuliza, mheshimiwa. Mliuliza kama nimekunywa maji.” Alikohoa.

“Na hicho kikohozi?”

“Ni moshi.”

“Moshini kuna moshi?” Mheshimiwa alivua miwani, akatazama dirishani kwa mara ya kwanza. “Siku zote tulidhani ni jina la kimila.”

Kilichofuata kilikuwa cha ajabu, nami nakieleza kama nilivyokisikia. Kila mheshimiwa alitaka Siwema apone, na hakuna aliyetaka ijulikane kwamba ni Siwema anayetakiwa apone. Njia pekee ilikuwa kuuponya mtaa wote. Jaa lilizimwa, likahamishiwa ng'ambo ya kilima. Bomba la maji lililokuwa katika hatua ya upembuzi kwa miaka ishirini na mbili lilifika kwa siku tisa. Zahanati ilirudishiwa vidonge. Maziwa yaligawiwa kila nyumba ili mhusika asionekane. Watoto wa uchochoroni walilala usiku kucha bila kukohoa, na mama zao wakawa wanaamka kuwasikiliza wakidhani kuna jambo.

Wiki tatu zilipokwisha, serikali yote ilikuwa na afya njema na mimba changa.

Kamati iliona afya ya Moshini imepanda ghafla, ikatoa tamko. Ilisema kwamba vyeo sasa vimeanza kufanya kazi. Ilieleza kwamba cheo huchukua muda kuingia kwenye damu.

*

Mimba ya Siwema ilipita mwezi wa tano. Siku hiyo hakupika, alikaa mlangoni ameshika tumbo, na Nesi Mwanne alikuja akakaa naye. Ikaingia mwezi wa sita. Ikaingia wa saba.

Mwezi wa nane Baraza zima lilikwenda likizo ya uzazi. Hakuna aliyehitaji kufunga mto tumboni. Serikali ilikaa siku themanini na nne bila mawaziri, na makarani, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaita mikutanoni, walipata nafasi ya kufanya kazi. Barabara tatu ziliisha katika kipindi hicho. Jambo hilo bado linachunguzwa.

Siwema alijifungua mtoto wa kike, na mtoto akalia kabla hajaguswa. Walimwita Tunu. Redio ya taifa ilitangaza kwamba Baraza la Mawaziri limejifungua salama, mama na mtoto hawajambo, na Jenerali alipelekewa maua na kikosi cha mizinga.

Lakini waheshimiwa walikuwa wamechoka. Mimba moja, walisema, inatosha kwa serikali yoyote. Wakatafuta mtu asiyeweza kubeba mimba, wakampata mbeba magunia mmoja wa sokoni, mwanamume mwenye kifua kama kabati, wakamhamishia vichupa vyote. Wajomba wa Tunu wakaacha kukagua mtaro. Bomba likakauka kwa matengenezo. Upepo ukageuka, ukaupeleka moshi wa ng'ambo ya kilima moja kwa moja kwenye madirisha mengi ya Upepeni, na siku ya pili yake jaa lilirudishwa Moshini. Malori yalikuja na bendera.

*

Tunu alianza kukohoa akiwa na miezi minne na nusu. Siku ya kwanza kidogo. Siku ya tatu mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi, na akaacha kunyonya. Siwema alimbeba hadi zahanati akikimbia.

“Da Mwanne, msikilize.”

Nesi aliweka sikio kifuani pa mtoto. Alilitoa taratibu. “Ni mapafu.”

“Dawa?”

“Zimeisha Jumatatu.”

Ndani mlikuwa na joto. Siwema, kwa kukosa la kufanya, alifungua kopo la biskuti alilokuja nalo akitafuta kadi ya kliniki, akachukua karatasi ngumu kuliko zote akampepea mtoto. Ilikuwa barua yake ya uteuzi. Aliipunga mara mbili tatu, akaona nyuma yake kuna maandishi madogo. Alisimama akayasoma, midomo ikicheza.

“Da Mwanne. Umewahi kusoma nyuma ya hizi barua?”

“Nani ana muda wa kusoma nyuma?”

“Ni ile sheria yao. ‘Kila mwenye barua yenye muhuri wa taifa.’ Inasema akikutwa mgonjwa atalazwa Hospitali ya Viongozi, atatibiwa bure mpaka apone.”

“Halafu?”

“Halafu astaafu.”

Nesi aligeuka akayatazama masanduku ya barua.

“Zimebaki barua ngapi?” aliuliza Siwema.

“Masanduku mawili.”

“Andika moja. Tunu Mwinjuma.”

Nesi akachukua kalamu. “Cheo gani? Anajua kufanya nini?”

“Kunyonya na kulia.”

“Wako wengi huko juu kwa kazi hiyo hiyo,” alisema Nesi, akaandika: Mwenyekiti wa Taifa wa Kunyonya na Kulia.

*

Mlinzi wa Hospitali ya Viongozi aliwazuia langoni. “Mama, hapa ni kwa viongozi tu.”

“Ndiyo, kaka yangu. Kiongozi ni huyu. Mimi ni msaidizi wake.”

Mlinzi aliisoma barua juu, akaisoma chini, akauona muhuri. Katika nchi hiyo watu hawabishani na muhuri. Akakaza miguu, akampigia Tunu saluti.

Dokta Fungameza aliletewa kichupa. Akakiweka chini ya hadubini, akanyanyua uso, akakiweka tena. Kwa miaka miwili alikuwa hajaona mkojo usiofanana na mwingine. Alikwenda mwenyewe wodini, akamwona mtoto kwa macho, akasikiliza kifua chake muda mrefu.

“Huyu ni mgonjwa,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekumbuka kazi aliyosomea. “Huyu anaumwa kweli. Leteni oksijeni.”

Walimlaza kwenye kitanda cha waziri. Kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya kiwandani, kama vitanda vyote mia mbili vya hospitali ile, kwa sababu tangu ijengwe hakuna kiongozi aliyekubali kuumwa. Siwema alikaa chini, mkono wake mmoja kifuani pa Tunu, akihesabu pumzi. Usiku wa pili mbavu zilitulia. Siku ya tatu mtoto alitafuta ziwa.

Asubuhi ya siku ya nne, mlinzi alipofungua lango alikuta foleni iliyoanzia Moshini. Walikuwapo wakurugenzi wenye malaria, makamishna wenye vifua, mabalozi waliobebwa na wajukuu, yule mwenyekiti wa bodi aliyepona surua akabaki na sikio linalotoa usaha, na mbele yao wote Nesi Mwanne na sanduku kichwani. Kila mmoja alikuwa na barua mkono wa kulia na kichupa mkono wa kushoto, na mkojo ulikuwa wa kwake.

Baraza la Mawaziri lilikaa kikao cha dharura.

“Zifutwe barua zote,” alisema Jenerali.

“Tukizifuta tutakuwa tumekiri kwamba cheo hakitibu,” alisema profesa wa miwani miwili.

“Na muhuri ni ule ule ulioko kwenye barua zetu,” alisema Mheshimiwa Mavere. “Ukifutwa kule, umefutwa na huku.”

Wakaamua kutofanya kitu, jambo ambalo katika nchi ile huitwa uchunguzi. Na uchunguzi ulipokuwa ukiendelea, nailoni zikaendelea kuchanwa, kitanda baada ya kitanda.

Siku ya kumi Tunu aliruhusiwa. Kabla ya kutoka, karani aliyevaa tai alimzuia Siwema akiwa na daftari.

“Kuna kifungu cha pili, mama. Mheshimiwa Mwenyekiti amepona. Je, anakubali kustaafu?” Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, kwa kuwa alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele ya kiongozi.

Siwema alichukua kidole gumba cha mwanawe, akakibonyeza kwenye wino, akakiweka kwenye mstari. Tunu akapiga chafya. Karani akaandika: amekubali bila masharti.

Ndiye kiongozi wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kutoka madarakani akiwa hai. Alibebwa, ni kweli, kama waliomtangulia, lakini na mtu mmoja tu, mgongoni, kwa mbeleko, wakiteremka taratibu kuelekea kwenye moshi.